Mfuko wa Kushoto

Saa tatu usiku simu hulia,
nameza kidonge kwa maji ya ndoo.
Miaka kumi na moja, sijaruka hata siku.
Kisha natoka nje, nawasha sigara,
kama mtu anayejipa zawadi.

Soko la mahindi, Kibaigwa:
zamani nilipanda ubao na gunia la kilo mia
huku nikimpigia mluzi Ndahani.
Msimu huu nimekwama katikati ya ubao,
gunia mgongoni, pumzi imegoma,
na Ndahani huko chini: "Kaka, shuka."

Nikajua ni kile kidudu. Kimeamka.

Sista Nyemo wa kliniki akafungua faili:
"Virusi havionekani, Chibago. Dawa inafanya kazi."
Akanusa.
Akanyoosha kidole kwenye shati langu, kushoto,
pakiti ilipochungulia.
"Yule unamfungia mlango kila saa tatu.
Huyu unamkaribisha kwa kiberiti."

Sikujibu. Nilikohoa.

Nje, upepo wa Julai na vumbi lake jekundu.
Zimebaki tatu.
Sijazitupa, nisiwadanganye.
Nimezihamishia mfuko wa suruali,
ule uliotoboka.