Nani Huandika Mashuke?

Maalim Shekue alipofariki, kule Pumwani,
aliacha nyota kumi na mbili bila mlezi.
Yeye alihesabu jina lako na la mamako,
akagawanya, akachungulia baki kama mtu achunguliaye kisima.
Mhariri akanigeukia mimi, msahihishaji wa herufi:
"Jaza hapo. Maneno mia mbili. Kila Ijumaa."

Sikujua falaki. Nilijua mkato na nukta.
Basi nikaketi ghorofa ya tatu, barabara ya Kirinyaga,
chini wakigonga vyuma, wakiuza vipuri,
nikawagawia watu wa Nairobi wiki yao:

Punda, usikope Jumanne.
Ng'ombe, ukaidi wako safari hii utakulipa.
Nge, lile neno ulilolimeza, liteme kabla halijaoza.

Mapacha niliwapa heri kila mara,
maana dada yangu ni Mapacha, na hana kazi.

Kisha ngazi zikamleta Kasiva,
mshonaji wa sare za shule kutoka Dandora,
mkononi bahasha ya vipande vya gazeti
vilivyokatwa kwa mkasi wa nguo,
kingo zimenyooka kuliko safu zetu.

"Nani huandika Mashuke?"
Nikaifunika kalamu kwa kiganja.
"Mwezi wa nne aliniambia:
kilichokatwa vibaya hakirefuki kwa kuvutwa.
Nikamwachia mume wangu sufuria, nikabeba cherehani.
Nimekuja kusema asante. Na kuuliza:
kile kiploti cha Kamulu, nijenge au ningoje?"

Ningemwambia nini?
Kwamba siku ile nilikuwa napunguza suruali ya mitumba,
nikaiharibu, nikaandika hasira zangu?
Nikasema mwandishi ni marehemu.
Hakushtuka. "Nilidhani hivyo.
Huyu wa siku hizi naye si haba,
ila anawapendelea Mapacha."

Usiku ule stima zikapotea mtaa mzima wa Umoja.
Hata mulika mwizi, taa ile ndefu
inayotusahaulisha kwamba kuna juu,
ikafumba jicho.
Nilikuwa juu ya paa naanua shuka.
Na zikawa pale,
nyingi, bila majina, bila Ijumaa,
hazimtazami mtu.

Nikakitafuta Kilimia, nguzo ya bibi yangu.
Hakukiuliza kamwe kama babu atarudi kutoka reli.
Kilimwambia lima, basi,
na jembe lilikuwa lake.

Au labda alikiuliza, usiku, sisi tumelala.
Nani ajuaye bibi huuliza nini?

Nilishuka kwa kupapasa ukuta, shuka begani,
nikaandika kwa mwanga wa mshumaa:
Mashuke, pima. Pima tena. Kisha usiogope mkasi.
Sijui kama hilo ni jenga au ngoja.
Yeye atajua.

Ya kwangu, Mbuzi, niliiacha tupu.
Sikuwa na la kujidanganya.
Asubuhi nikaikuta imejazwa:
Mbuzi, kuna mtu anangoja simu yako.
Ni Obura wa mpangilio. Nilimwona kwa macho yangu,
mandazi mdomoni, akitafuta maneno ya kutosha ile nafasi.

Nikatoka kwenye ngazi, penye mtandao,
nikampigia dada.
Akapokea kabla haijalia mara ya pili.