Mstari Usio na Jina

Masika yalitangazwa Jumanne, yakaja Ijumaa usiku,
bila hodi, yakagonga mabati
kama mdai aliyechoka kungoja.
Nikasimama mlangoni, sweta begani,
nikanusa udongo mwekundu ukifumbua kinywa.

Mjini, ghorofa ya tisa, kutwa
huzungumza na watu nisiowaona:
kadi imemezwa, nambari ya siri imesahaulika,
pesa zimekwenda kwa mtu asiyejulikana.
"Samahani kwa usumbufu," mara mia mbili kwa siku.
Huku Mutuini hakuna wa kuombwa samahani
ila nyungunyungu niliyemkata kwa jembe,
naye, kila kipande kikaenda zake.

Jembe ni la mama. Mpini umelika mahali pawili,
pale viganja vyake viliposhika miaka thelathini.
Alikuwa mrefu. Mimi nashika chini kidogo,
penye mti mkavu bado, wenye vibanzi,
na ikifika saa nne nina lengelenge
kubwa kama punje ya njahi.

Ardhi imelala miaka mitatu, tangu tumzike.
Nimechimbua humo betri mbili zilizovimba,
kifungo cha koti la shule, kijiko,
mfuko wa unga ambao maandishi yake
yangali yanasomeka: kilo mbili, daraja la kwanza.
Na sangari. Mizizi myeupe, mirefu, mikaidi,
ukiivuta huku, inacheka kule.

Syombua wa ng'ambo ya ua alinitazama,
kikombe cha chai mkononi, akinihesabia makosa.
"Hiyo dhania umezika, hujapanda.
Mbegu si maiti. Ifunike kama mtoto mwenye homa,
kidogo tu."
Kisha akanyamaza, akatazama kikombe chake.
Akanipa njahi kwenye kifuniko cha kopo,
maharagwe ndani ya soksi,
na mbegu za managu alizozikausha juu ya gazeti,
ukurasa wa matangazo ya vifo.

Nikapanda vyote. Nikachomeka vijiti,
nikaandika majina; mvua ikayafuta.
Sasa sijui mstari upi ni upi,
wala sina haraka ya kujua.

Siku ya sita, hakuna kitu.
Siku ya saba wakashuka kwarara wawili,
midomo kombo kama mundu, wakadonoa walichodonoa,
wakaondoka na kelele zao za watu wenye kesi.
Siku ya nane nilitoka kwenda kazini gizani,
sikutazama.

Siku ya tisa,
maharagwe!
Yametoka yameinamisha shingo
kama wageni kwenye nyumba ya mlango mfupi,
kisha yakanyoosha migongo, udongo ungali kichwani.
Nikahesabu kumi na tisa. Nikahesabu tena: ishirini.
Nilichuchumaa pale na viatu vya kazi,
kitambulisho cha ofisi kikining'inia juu yao
kana kwamba wanahitaji kujua naitwa nani.

Viazi vilichukuliwa na fuko, karibu vyote.
Sikumsikia hata siku moja. Niliona tu
shina likizama ardhini, polepole,
kama mtu anayevutwa mguu chini ya meza.
Syombua akacheka hadi chai ikamwagika.
"Karibu," akasema. "Sasa una majirani wawili."

Jioni, vilima vya Ngong hubakiwa na mwanga mwembamba,
nyuki wa mwisho anatoka kwenye ua la mgrivea
akiyumba kama mlevi mwenye adabu.
Simu inalia ndani ya nyumba.
Iache ilie.
Namwagilia ule mstari usio na jina.
Pameota kitu pale, majani mawili ya mviringo,
hakifanani na chochote nilichopewa.
Syombua anasema ni gugu, ning'oe.

Nashika jembe, hapa pangu, chini ya pale pa mama,
ambapo mti umeanza kulainika,
nalima kandokando yake.