Mdomo wa Kuazima

Kathiresan, sijui neno moja la Kitamil.
Miaka ishirini na tisa nimekusemea
kwenye banda la mabati, Buguruni kwa Mnyamani,
kiingilio shilingi hamsini, watoto wawili kwa mmoja,
kipaza sauti kimefungwa kwa utepe mweusi
na feni inazunguka kama inatufanyia hisani.

Ulianza kama mtu wa kupigwa.
Kanda ya kwanza ulikuwa nyuma ya jambazi,
wa tatu kutoka kushoto, shati la maua;
ngumi moja, ukaangukia matenga ya nyanya.
Hukuwa na la kusema. Nikakupa:
"Mama yangu wee, na kodi sijalipa!"
Banda zima likacheka. Tangu siku hiyo
nikawa nakutafuta kwenye kila kanda
iliyoshuka dukani kwa Premji, Kariakoo.

Ukapanda. Jina kwenye jalada, herufi za sisimizi,
kisha herufi za ng'ombe. Ukapewa pikipiki. Ukapewa mchumba.
Una miaka arobaini na tano unazunguka miti mlimani,
nywele umepaka kama rangi ya kiatu,
na mimi nakuficha kitambi kwa maneno matamu.
Tajiri adui yako nilimwita Mwenye Nyumba;
ulipomtupa kutoka ghorofani
wapangaji wa Buguruni walipanda juu ya mabenchi.

Wanaosema natia chumvi, kweli natia.
Kuna jaji aliongea dakika nne.
Nikatafsiri: "Nenda nyumbani, umeshinda."
Kamba ilipotokea ikabidi niseme ni ndoto.

Kisha ukaanza kuongoza mwenyewe,
na hapo ndipo tulipogombana.
Ngumi zikaadimika. Mtu anakaa tu.
Mwanamke anachambua mchele, kamera haimbanduki,
na nyuma yangu wanapiga mluzi: "Dijei, sema! Umelala?"
Nikasema. Nikautia vichekesho mchele wako wote,
punje kwa punje.
Kwa ule mchele, niwie radhi.

Hii ya juzi imekuja kwenye flashi, siyo kanda.
Umeiongoza, na umo ndani, ndevu nyeupe,
mzee amerudi kwenye jumba la sinema lililofungwa
anapangusa viti, kimoja, kimoja,
kile chenye mguu mbovu anakigeuza, anakitazama, anakirudisha.
Maneno nilikuwa nayo tayari, tangu asubuhi nayatafuna.
Sijui nini kilinipata.
Kipaza nikakilaza mezani,
nikapandisha sauti ya picha yenyewe
niliyoibana miaka yote ili ya kwangu ipite.

Ukafungua mdomo, ukakiambia kiti jambo.

Sauti nyembamba! Ya puani kidogo,
ya karani wa posta, ya mtu mwenye mafua.
Nami nilikupa besi, Kathiresan,
besi ya mtu anayevunja milango,
niliichimba kwenye koo hili mpaka likaota sugu.
Kumbe uko hivyo.
Nikakusikiliza kama jirani
ninayesikia kwa mara ya kwanza ukuta ukikohoa.

Kimya kidogo. Mvua juu ya bati.
Halafu kutoka benchi la nyuma Bi Tunu, muuza bagia,
aliyekupenda tangu shati la maua,
akasimama na beseni lake:
"Nani huyo? Siyo yeye huyo!
Mrudishieni sauti yake!"