Mizani ya Misumari

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni,
Gulamali huteremsha nusu mlango wake wa chuma, Bondeni,
hutuachia upenyo wa kuinama,
nasi twaingia mmoja mmoja kama watu wa magendo,
vitabu kwapani.

Twakalia ndoo za rangi. Mimi hupenda ile nyeupe, ya lita ishirini,
kwa kuwa haina mdomo mkali.
Chai ya tangawizi i kwenye chupa, mahamri ni ya Shekue,
na sheria ni moja: ukikisifu, kitoe.
Usije hapa ukatunusisha harufu, ukaondoka na sufuria.

Kwanza Gulamali hukiweka kila kitabu
kwenye mizani ya misumari.
"Robo tatu kilo," asema, "na mapenzi yote haya ndani?
Aliyekuuzia kakupunja."
Mzaha ule ule, miaka sita. Twaucheka bado.
Yeye husoma vyenye ramani tu;
kisicho na ramani, asema, ni mtu asiye na kwao.

Shekue ni mwoka mikate, Majengo.
Husoma mashairi unga ukiumuka,
beti mbili, tatu, kisha tanuri lamwita.
Kitabu chake ukikifungua wapiga chafya.
Mwezi uliopita alileta diwani nyembamba kama kisu cha siagi:
"Msikimeze. Ubeti wa kumi una mfupa."

Mbodze ni muuguzi, wodi ya wanaume, zamu ya usiku.
Yeye na riwaya za upelelezi, na huanzia mwisho.
Siku ya kwanza tulimzomea. Akangoja tunyamaze.
"Wagonjwa wangu huhamishwa nikiwa nyumbani nimelala.
Nikirudi, kitanda kina shuka jipya na mtu mwingine.
Niacheni nijue mwisho wa mtu mmoja,
japo wa kwenye karatasi."
Tangu siku hiyo hakuna amwambiaye kitu.

Nami nilikuwa nikikisifu kitabu kimoja, miezi minne mfululizo:
jalada la buluu lililopauka kama sare ya shule mwezi wa Novemba,
kisa cha ndugu wawili na kisima walichorithi.
Nilisifu lugha yake. Nilisifu subira yake.
Nyevu, mdogo wetu, anayejifunza ufundi wa friji kule Tudor,
akauliza kwa upole, akilamba sukari kidoleni:
"Na mwisho, kisima kilimwendea nani?"

Duka zima likawa masikio, hata ndoo.
Nikasema, sijui.
Sijapita ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Pale pana risiti ya duka la dawa, Makadara:
dawa ya presha, pamba, peremende za mnanaa.
Mama aliiweka usiku mmoja, akazima taa,
akasema, kesho.

Gulamali hakukipima.
Nyevu akanyoosha mkono. "Umekisifu. Kitoe."
Sheria niliitunga mimi.

Mwezi mzima rafu yangu ilikuwa na pengo la jino,
na macho, kama ulimi,
yakirudi pale pale.

Jana amekirudisha. Nilikifungua kabla sijaketi.
Risiti i mahali pake, wino wake wazidi kukimbia;
pamba haisomeki tena, peremende zasomeka.
Na ubavuni mwake lebo ya gesi ya friji,
nyuma imeandikwa kwa kalamu ya risasi:
*Nimengoja hapa. Nimeona si adabu kumpita.*

Shekue akamimina chai, ikamwagika, hakuna aliyefuta.
Mbodze, ambaye kuchungulia mwisho ndiyo ada yake,
akaikalia mikono yake miwili.
Nikamrudishia Nyevu kitabu,
sauti yangu siku hiyo sikuiamini.

Akafunua mia na kumi na tatu,
akakohoa kidogo,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba ya watu asiowajua.