Trei ya Kumi na Nne

Hilja ananiamsha saa kumi alfajiri.
Nje kweupe tayari; mwezi wa tano,
kaskazini ya Uswidi haijui kufumba macho.
"Wa kumi na nne wanacheza," asema.

Hawachezi.
Vifaranga wa samoni, urefu wa njiti ya kiberiti,
wanazunguka, wanazunguka,
skrubu zinazotafuta ubao.
Mficha maradhi kifo humuumbua,
lakini hawa wangeficha wapi?
Miili yao ni kioo. Ndani ya kifuko cha kiini
naona chembe nyeupe,
kama maziwa yaliyokatika.

Naanza na maji. Oksijeni iko sawa, nyuzi nane.
Nabana kipande cha shavu kati ya vioo,
nainamia hadubini:
hakuna minyoo, hakuna kuvu,
hakuna bakteria wa kutia shaka.
Nimezoea kumsaka mgeni.
Nyumba isiyo na mgeni hunitisha zaidi.

"Mama yao ni yupi?"
Afungua daftari lenye madoa ya kahawa.
Jike, kilo kumi na moja, alinaswa Septemba,
mnene, mwenye kung'aa.
"Kwenye tangi aliyumba kidogo.
Nikasema, uchovu wa safari."

Basi.
Miaka mitatu baharini alishiba dagaa wa Baltiki,
mafuta juu ya mafuta,
na mafuta yakamlia kimyakimya
vitamini moja ndogo.
Akapanda mto tajiri, mfuko umetoboka,
akawarithisha watoto elfu sita
shibe isiyo na kitu ndani.

Nadhani. Maabara iko Uppsala;
jibu litafika wiki ijayo,
na wiki ijayo hawa watakuwa kwenye ndoo.
Nakoroga thayamini bakulini, natia ishirini.
Ishirini wengine nawaachia maji matupu.
Ndivyo ninavyomuuliza asiyesema.

Oiva analeta mkate wa shayiri. Hatuugusi.

Karibu na adhuhuri mmoja ananyooka.
Anayumba, ananyooka tena,
anaelekeza kichwa kwenye mpira wa hewa
na kubaki hapo.
Halafu wanne. Halafu sikuhesabu.
Bakuli la pili bado lazunguka.

Hilja haniangalii. Anakunja mikono ya sweta:
"Dawa yatosha trei nzima?"
Yatosha.
"Na ya kumi na tano? Mama zao walikula bahari ileile."

Natazama kabati. Chupa mbili,
na moja imeshafunguliwa.