Bandari ya Nane

Kwenye kabati la tatu, Ofisi ya Mipango, Brades,
mna bandari saba.
Zote za karatasi. Ya kwanza ina gati la meli mbili.
Ya pili imepunguzwa gati, ikaongezwa choo cha abiria.
Ya tano niliichora mimi, mwaka aliozaliwa binti yangu;
sasa binti ananipita kimo, ananiuliza:
Baba, bandari yako ilifika wapi?
Ilifika London, mwanangu.
Ilifika, ikadaiwa viambatisho.

Bi Eudora Tuitt, mkuu wetu, ana kalamu ya kijani
na subira ya mtu anayechambua mchele gizani.
Kila Februari hutuambia: andikeni "tunaomba"
pale mlipoandika "tutajenga".
Tunafuta. Tunaandika.
Kitenzi kimoja tu, asema, lakini bajeti nzima imo ndani yake.

Mwaka jana walikuja wataalamu wawili
na viatu vipya vya kupandia milima.
Wakapima upepo, wakapima kina cha maji,
wakamuuliza Desmond Farrell, mpakua mizigo:
"Wadau mnaionaje hali?"
Desmond akageuka nyuma kumtafuta huyo mdau.
Kisha akasema: bahari ikichafuka, meli hurudi na unga wetu.
Wakaandika: kuna changamoto za msimu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa, ya tatu walikuwa angani.

Sina kinyongo na anayelipa.
Shule, dawa za sukari za mama, mshahara huu,
najua vinatoka mfuko gani.
Ndiyo maana mkono hauchori sawasawa:
ukichora nyumba yako kwenye daftari la mwenzio
unabana mistari,
madirisha yanakuwa madogo
bila mtu kukwambia.

Kusini, nyuma ya kizuizi, uko mji niliozaliwa.
Kisheria ungali mji mkuu.
Nilikwenda mara moja, kwa kibali cha saa mbili,
nikasimama juu ya majivu nikidhani ni barabara,
kumbe ni paa la duka la Bi Cassell
nilikokuwa natumwa viberiti.
Mlima ule haukuwa na awamu ya kwanza.
Haukumwandikia gavana.
Ulichora ramani mpya, ukaitekeleza,
na hadi leo hakuna aliyeudai viambatisho.

Jana barua imefika. Bandari imekubaliwa "kimsingi".
Bi Eudora ameisoma mara mbili, akavua miwani:
"Kimsingi. Hapo msingi unachimbwa,
au ndilo neno la kutolea badala ya msingi?"
Hakuna aliyejibu. Dirishani, mbuzi wa mtu
alikuwa anatafuna kamba za vipimo
tulizofunga kwenye vigingi mwezi wa nane.

Nikatoa karatasi safi.
Nimeanza na choo cha abiria,
maana hicho hakijawahi kukataliwa.