Kurasa Tatu, Kisha Moja

Wasemao chema chajiuza
hawajawahi kuomba kazi hospitali ya Oulu
wakiwa na miaka arobaini na sita
na kituo chao kikifungwa Machi.

Nilichapa kurasa tatu, usiku, jikoni,
hapa Kemi, ambako jua la Desemba hufika saa tano
na kuaga saa saba, kama mgeni asiyevua koti.
Asubuhi nikazisahau kwenye meza ya mazoezi,
kati ya mpira wa kijani na kipimapembe,
na Taisto Kärnä akazisoma bila kuombwa.

Miaka arobaini alisahihisha gazeti, usiku kwa usiku,
hadi Septemba, kiharusi kilipompiga
na kumfuta upande mmoja kama sentensi iliyozidi.

"Kalamu," akasema. Neno likamtoka vipande:
ka. Kisha la. Kisha mu.
"Nyekundu."
Nikamwekea kushoto. Akaihamishia kulia.

Alianza juu. Mwenye bidii: akakata.
"Nani aliwahi kuandika kwamba ni mvivu?"
Mchangamfu, mpenda watu, mstahimilivu:
mstari mmoja, uliopinda kama njia ya msituni,
ukavizoa vyote.
"Vivumishi ni mafuta ya kukandia, Outi.
Yananukia. Mfupa uko wapi?"

Akakata medali ya kuogelea ya shuleni.
Akakata napenda matembezi.
Namba ya leseni, niliyoificha ukurasa wa tatu
kama kitu cha aibu, akaivutia mshale hadi juu kabisa.
Kisami changu akakiacha, ila akauliza nakijua kiasi gani.
Cha kuulizia inauma wapi, nikasema,
na cha kuelewa wanaposema haiumi.
"Andika hivyo hivyo."

Kisha kidole chake kikasimama
penye miezi minane isiyo na kitu.
Nikasema, tuendelee.
Hakuendelea. "Pengo usipolijaza, msomaji atalijaza,
na msomaji ana roho mbaya."
Mama, nikasema. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili,
mchana, usiku;
alikufa hana kidonda hata kimoja mgongoni.
Akakaa kimya.
Akaandika pembeni, kwa herufi za mtoto: weka.

"Na mkono huu? Uliupokea vipi?"
Ngumi. Vidole vimefunga, kucha zimezama kiganjani.
"Leo?"
Leo unashika kalamu kwa dakika kumi na moja.
"Mbona hilo halimo?"
Siri ya mgonjwa, Taisto.
Akacheka kwa nusu ya uso,
na ile nusu nyingine ikajaribu kumfuata.
"Mwanamume, miaka sabini na miwili. Basi.
Miaka arobaini nilikuwa gazetini kila siku
na hakuna aliyewahi kuliona jina langu."

Nikaandika: wiki kumi na mbili,
kutoka ngumi hadi kalamu, dakika 11.
Masikio yakanipata moto.
Sisi wa huku tumelelewa kuficha hata kheri,
kuifunika kama viazi visipigwe na baridi,
na tarakimu ile ilikaa pale ukurasani
uchi, bila kivumishi cha kujisitiri.

Nje gari la kuparua theluji lilipita,
taa yake ya manjano ikazunguka ukutani.
Kalamu ikamponyoka, ikabingiria,
ikagota kwenye mpira wa kijani.
Kwa mazoea niliangalia saa,
naye akaniona nikiangalia.
"Ngapi?"
Kumi na nne.

Akausogeza kwangu ukurasa uliobaki, mmoja tu,
wenye wekundu mwingi kuliko weusi.
"Basi kuna kosa," akasema. "Sahihisha."